Saa Nne ya Nani? Uchunguzi wa Makampuni Unaoendeshwa kwa Rimoti

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala ya kuhifadhi nakala za hifadhidata, lakini itasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni kwa muda mrefu na leo nalitoa. Wale mnaokuja hapa kutafuta msimbo, leo mtapata msimbo kidogo na hasira nyingi. Nivumilieni.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni yenye matawi katika nchi nyingi inaposhuku kwamba ndani yake kuna hongo au wizi, huanzisha uchunguzi. Mawakili huajiriwa London, Paris au New York. Mawakili nao huajiri wataalamu wa kunakili kompyuta. Wataalamu hushuka na ndege, hunakili kila kitu kwenye tawi la Nairobi au Dar es Salaam, kisha huondoka. Baada ya miezi kadhaa inarudi ripoti. Ndani ya ripoti hiyo kuna majina ya watu, na kwa baadhi yao maisha yamebadilika.

Ninachodai ni kwamba uchunguzi wa namna hii, jinsi unavyoendeshwa kwetu, mara nyingi ni kazi mbovu. Sisemi ni mbovu kwa sababu wageni ni wabaya. Ni mbovu kiufundi, kwa maana ile ile ambayo programu huwa mbovu: anayeiendesha hajui data imetoka wapi, ina maana gani, na nani wa kumuuliza.

Nianze na kisa, ndipo mjue hasira imetoka wapi.

Kisa cha asubuhi moja

Kampuni siitaji. Makao yake makuu yako Ulaya na ina matawi Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala. Miaka kadhaa kabla ya kisa hiki niliwaandikia programu ya kusajili mizigo inayoingia ghalani. Kazi ndogo. Nikalipwa, nikafundisha watu wa matawini namna ya kuitumia, nikaenda zangu.

Jumatano moja nikapigiwa simu. Kuna uchunguzi, mawakili wanataka data yote ya miaka 3 kufikia Ijumaa.

"Yote?"

"Yote. Tupe CSV."

Nikauliza kama kuna mtu angependa kuelezwa mfumo unavyofanya kazi. Nikajibiwa, "Tutakutafuta." Hawakunitafuta. Ijumaa nikatuma mafaili, nikatuma ankara, nikasahau.

Miezi saba baadaye simu ikalia. Alikuwa mhasibu wa tawi la Mombasa, mmoja wa wale niliowafundisha. Hakunisalimu hata. Alisema, "Kaka, ile programu yako inasema mimi ni mwizi."

Alikuwa amesimamishwa kazi muda wote huo kwa nusu mshahara. Mtoto alikuwa ameshahamishwa shule. Sasa ndiyo alikuwa ameitwa kujitetea, na kwa mara ya kwanza amepewa ushahidi: kurasa nne. Nikapanda basi usiku, asubuhi tukakaa sebuleni kwake na zile karatasi.

Shtaka lilikuwa kwamba ameidhinisha malipo kwa msambazaji kabla mzigo haujafika, na kwamba stakabadhi ya kupokea mzigo ni ya uongo. Ushahidi ulikuwa wa namna tatu. Mfumo wa malipo ulionyesha ameidhinisha saa 08:15. Programu yangu ya ghala ilionyesha mzigo umesajiliwa saa 10:40. Na ripoti ya jioni ya mtunza ghala, iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp la tawi, ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiingereza kwamba mzigo umefika "4:30".

Yaani pesa zimetoka asubuhi na mapema, stakabadhi ikaandikwa kabla ya adhuhuri, na mzigo wenyewe ukafika jioni. Ukisoma hivyo, hata mimi ningemfunga.

Kisha nikaomba kuona ile meseji kwa Kiswahili. Mtunza ghala aliandika: "Mzigo wa leo umeingia saa nne na nusu, nimesaini."

Saa nne na nusu, jamani. Hata mtoto wa nasari wa Likoni anajua saa nne na nusu ni wakati wa chai ya ofisini. Mtafsiri aliona nne, akaandika 4. Msomaji wa London akaona 4:30, akasema alfajiri ghala limefungwa, basi ni alasiri.

Bado kulikuwa na zile 08:15. Mfumo wa malipo uko kwenye seva za ng'ambo na huandika saa za UTC. Sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo 08:15 ya mfumo ule ni 11:15 ya Mombasa. Programu yangu nayo iliandika saa za hapa nyumbani, bila kusema ni za hapa. Aliyeunganisha majedwali mawili aliyapanga kama yalivyo.

Panga upya uone. Mzigo umefika 10:30. Umesajiliwa 10:40. Malipo yameidhinishwa 11:15. Ni asubuhi ya kawaida ya mtu anayefanya kazi yake.

Na si asubuhi moja. Ripoti ilikuwa na miamala 11 ya namna hiyo. Lazima iwe hivyo, maana kosa la saa tatu halibagui: kila malipo yaliyoidhinishwa ndani ya saa tatu baada ya mzigo kusajiliwa yangeonekana yametangulia. Matawi mazembe, yanayokaa na karatasi siku nzima, yalionekana safi. Huyu mama alionekana mwizi kwa sababu alikuwa mwepesi wa kazi.

Nikaandika barua ya kurasa mbili. Wiki mbili baadaye akapata jibu kwamba madai "hayakuthibitishwa" na anaweza kurudi kazini. Hakuna aliyemwomba radhi.

Sasa nikiri kabla hamjaniuliza. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Safu ya tarehe kwenye hifadhidata niliitengeneza bila ukanda wa saa, kwa uvivu, kwa kuwa nilidhani programu haitatoka Kenya. Kila mtu anayeandika programu za biashara katika eneo hili aende leo hii akaangalie safu zake. Andika 2024-03-14T10:40:00+03:00. Herufi sita za mwisho zinaweza kuokoa kazi ya mtu.

Lakini kosa langu lingegunduliwa kwa simu ya dakika tano. Swali moja tu: "Hizi ni saa za wapi?" Halikuulizwa kwa miezi saba, na waliopaswa kuliuliza walikuwa wanalipwa kwa saa.

Wanakusanya kila kitu ila maelezo

Tazama ukubwa wa kazi hizi. Uchunguzi wa Siemens ulioanza baada ya polisi wa Ujerumani kuvamia ofisi zake Novemba 2006 ulipita katika nchi 34. Watu waliohojiwa rasmi walizidi 1,750, na saa zilizolipiwa zilizidi milioni 1.5. Desemba 2008 kampuni ilikubali kulipa jumla ya dola bilioni 1.6 hivi kwa mamlaka za Marekani na Ujerumani. Katika kesi ya Airbus, iliyomalizika 31 Januari 2020 kwa malipo ya yuro bilioni 3.6, nyaraka zilizokusanywa zilizidi milioni 30.

Nyaraka milioni 30 hakuna binadamu wa kuzisoma. Zinapitishwa kwenye mashine: orodha ya maneno ya kutafuta, kisha programu inayojifunza ipi ni muhimu na ipi si muhimu. Hapo ndipo sisi watu wa kompyuta tunapaswa kushtuka, kwa sababu tunajua utafutaji huleta kile ulichouliza, basi. Usipojua neno la kuuliza, hupati kitu, na mashine haitakuambia umekosa.

Wakenya tunao mfano wetu. Kampuni ya uchapishaji ya Uingereza, Smith & Ouzman, ilipatikana na hatia London Desemba 2014 kwa kuhonga maofisa Kenya na Mauritania ili ipate kazi za kuchapisha, zikiwemo karatasi za kura na za mitihani. Ndani ya barua pepe zao hongo haikuitwa hongo. Iliitwa "chicken". Ndiyo maana sisi huiita kashfa ya kuku mpaka leo.

Sasa jiulize: kama wangeandikiana kwa Kiswahili, nani huko angeweka "kuku" kwenye orodha ya maneno? Na "kitu kidogo"? Na "ya soda"? Na "mzee anauliza kama mmemkumbuka"? Na methali nzima kama mkono mtupu haulambwi, ambayo haina hata neno moja la pesa? Upande wa pili, tafuta neno "chai" katika barua za ofisi yoyote Nairobi uone utakavyofunikwa na mialiko halali ya saa nne. "Mzigo" ni bidhaa ghalani, ni pesa kwenye bahasha, na kwa vijana wa Dar ni kitu kingine kabisa. Sheng yenyewe hubadilika kabla orodha haijachapishwa.

Hili halitatuliwi na mtafsiri wa bei nafuu aliyepewa mistari 2,000 bila muktadha, wala na programu mpya ya akili bandia iliyosoma Kiswahili cha magazeti. Linatatuliwa na mtu aliyewahi kufanya kazi ofisi ya hapa, anayekaa mezani tangu siku ya kwanza, mwenye mamlaka ya kusema: hapana, hiyo haimaanishi hivyo.

Barua ya wakili haisimamishi mashine

Jambo la kwanza linalofanywa uchunguzi unapoanza ni kutuma barua kwa wafanyakazi: msifute kitu. Vizuri. Lakini ufutaji mkubwa katika kampuni haufanywi na watu. Unafanywa na kazi ndogo iliyopangwa kwenye seva, inayoamka saa nane za usiku, inafuta kumbukumbu za siku ya 91, inalala. Haisomi barua. Haina sanduku la barua.

Katika kile kisa cha juu swali kubwa halikuwa mhasibu wa Mombasa. Swali lilikuwa nani alibadilisha bei za msambazaji katika zabuni ya kanda. Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za mfumo wa zabuni: nani aliingia, lini, akabadilisha nini. Mwenzangu anayetunza mfumo ule aliniambia kumbukumbu hizo hukaa siku 90 tu. Alipokuja kuulizwa, ilikuwa mwezi wa sita. Barua ilikuwa imeshamfikia kila karani, lakini aliyekuwa na uwezo wa kuzima ile kazi ya usiku hakuambiwa kitu, kwa sababu ni mkandarasi na hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi.

Kwa hiyo mwaminifu alikaa nyumbani miezi saba, na kama kuna aliyeiba kweli, mashine ilimfagilia njia. Mtu akiniambia uchunguzi ule ulikuwa "wa kina", namwuliza kina cha wapi.

Mpaka wa nani unaheshimiwa?

Haya, tuje kwenye sheria. Mimi si wakili, lakini sheria hizi zinatuhusu sisi tunaogusa data, na nimezisoma.

Ufaransa ina sheria ya 1968 inayozuia kupeleka nje nyaraka za kiuchumi na kibiashara kwa ajili ya ushahidi wa kesi za kigeni bila kupitia njia rasmi. Watu waliicheka mpaka Desemba 2007, mahakama ya juu ya nchi hiyo ilipothibitisha faini ya yuro 10,000 dhidi ya wakili aliyetafuta habari kwa ajili ya kesi ya Marekani. Uchina nayo, kwa sheria zake za 2021, hairuhusu data iliyohifadhiwa humo ipewe vyombo vya sheria vya kigeni bila kibali. Na London yenyewe, Februari 2021, Mahakama ya Juu ilisema katika kesi ya KBR kwamba shirika la Uingereza la kuchunguza ulaghai mkubwa haliwezi kutumia amri yake kuilazimisha kampuni ya Marekani itoe nyaraka zilizo nje ya Uingereza.

Kwa hiyo wanajua kwamba mipaka ipo. Katika uchunguzi unaogusa Paris na Shanghai, utakuta kuna chumba cha kusomea nyaraka ndani ya nchi, wasomaji wa ndani, na wakili wa ndani anayepitia kila kinachotoka. Uchunguzi huo huo ukifika Nairobi, diski ngumu inatiwa begini na kupandishwa ndege ya usiku.

Eti kwetu hakuna sheria? Ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ni ya 2019, na ilianza kufanya kazi 25 Novemba mwaka huo. Uganda wanayo ya 2019. Rwanda ya 2021. Tanzania ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ya kwetu haikatazi kupeleka data nje, hilo niliseme wazi. Kifungu cha 48 kinaruhusu, hata kwa ajili ya kudai au kutetea haki kisheria. Inachotaka ni uwe na sababu ya kisheria na uwe na ulinzi unaoweza kuuonyesha. Yaani fikiri kwanza.

Mbona basi hawafikiri? Kwa sababu ni rahisi kutofikiri. Faini ya kiutawala katika sheria yetu ni hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, *ile iliyo ndogo*. Someni tena: ile iliyo ndogo. Kwa kampuni kubwa hiyo ni bei ya tiketi na hoteli za timu ya wachunguzi. Mpaka wa Ufaransa umekuwa ukuta. Wetu ni kamba ya kuanikia nguo, unainama unapita.

Simu ya mtu si kabati la ofisi

Na hapa ndipo naona aibu kubwa kuliko zote. Kwetu mfanyakazi wa kawaida hapewi simu ya kazi. Simu yake ndiyo benki, ndiyo chama, ndiyo kundi la kwaya, ndiyo picha za mgonjwa aliyelazwa, na ndiyo kundi la WhatsApp la tawi ambalo bosi mwenyewe alilianzisha. Wachunguzi wanaitaka, na naelewa ni kwa nini: tangu Machi 2023 Wizara ya Haki ya Marekani husema wazi kwamba inapopima kampuni itaangalia namna inavyosimamia meseji za kazi kwenye simu binafsi.

Lakini namna wanavyoichukua! Mtu anaitwa chumbani, anakuta wageni wawili na karatasi ya Kiingereza ya kukubali. Asiposaini anaonekana ana la kuficha. Anasaini. Simu yote inanakiliwa, kuanzia meseji za mke hadi taarifa za M-Pesa za miaka. Huo ni ukubali? Sheria yetu inasema mzigo wa kuthibitisha kwamba mtu alikubali ni wa anayetumia data. Ningependa sana kuona kampuni moja ikijaribu kuthibitisha hilo mbele ya Kamishna.

Kiufundi hakuna haja ya kunakili yote. Kundi moja la WhatsApp linaweza kutolewa mbele ya mwenye simu, kwa tarehe zinazohusika, faili likapewa alama ya SHA-256, kila upande ukabaki na nakala. Kazi ya dakika 20. Wanachukua yote kwa sababu diski ni rahisi na aibu ya mtu haionekani kwenye ankara.

Msinisome vibaya

Najua kuna wasomaji wanaochekelea: safi, wageni watuache na mambo yetu. Hapana. Sikusema hivyo na sitasema.

Tukumbuke Anglo Leasing. Waingereza walianza kuchunguza 2007, na Februari 2009 wakafunga faili wakisema hawakupata ushahidi kutoka Kenya. Sisi ndio tuliokalia ushahidi. Sheria yetu ya kusaidiana na nchi nyingine katika mambo ya kisheria ilikuja baadaye, 2011. Kashfa ya kuku nayo ilitolewa hukumu London kwanza, na sehemu ya pesa iliyonyang'anywa ilirudi hapa na kununua magari ya wagonjwa yaliyokabidhiwa 2017. Mwizi wa hapa hupenda sana maneno "uhuru wa nchi" na "usiri wa data". Nikisema uchunguzi ufanywe vizuri zaidi, namaanisha mwizi awe na nafasi ndogo zaidi ya kupona.

Lakini pia tazama nani hukaa mezani mwishoni. Pesa za Airbus ziligawanywa kati ya Ufaransa, Uingereza na Marekani. Ghana ilikuwa imetajwa katika makubaliano ya London kuhusu ndege za kijeshi, na rais wake alilipeleka jambo hilo kwa mwendesha mashtaka maalum Februari 2020, baada ya mambo kutangazwa Ulaya. Data inatoka kwetu, majina yanatoka kwetu, habari tunaisoma kwenye mtandao kama watu wengine.

Mawakili nao wana majibu yao. La kwanza: mkiwaita watu wa ndani, watawatonya washukiwa. Ni hofu ya kweli. Mimi mwenyewe ningeweza kuwa mshukiwa, niliandika programu. Basi tafuteni mtu wa nchini asiye wa tawi lile, na mwenye mfumo aulizwe maswali bila kupewa funguo. La pili: mazungumzo na watu wa nje yanavunja usiri wa wakili na mteja. Mbona haukuvunjwa na ile kampuni ya London ya kunakili diski? Wakili anaweza kumwajiri mtaalamu wa Nairobi chini ya mwavuli ule ule. La tatu: inachukua muda. Miezi saba ya mhasibu ilikuwa muda wa nani?

Ningefanya hivi

Siku ya kwanza, kabla ya barua yoyote, mpigie aliyeandika au anayetunza kila mfumo. Umwombe ukurasa mmoja: data gani, iko seva ipi, saa za wapi, hukaa siku ngapi, nani anaweza kufuta. Usiku huo huo zima kazi zote za kufuta.

Siku ya pili, keti na watu wa kila nchi mtengeneze orodha ya maneno. Ya Nairobi haitafaa Kampala, na ya Kampala haitafaa Lubumbashi.

Kisha soma data ilipozaliwa. Peleka maswali kwa data, usipelekee maswali kila data duniani. Kinachotoka nchini kiwe kile kilichojibu swali, kikiwa na alama yake na cheti chake. Kwani hata Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inadai cheti kwa rekodi za kielektroniki, na ushahidi uliobebwa begini bila mtu wa kutoa cheti unaweza kukataliwa na mahakama za hapa hapa.

Mwisho, na hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote: mwonyeshe mtu ushahidi mapema, kwa lugha aliyouandika. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inataka asikilizwe kabla ya kufukuzwa, akiwa na mwenzake. Msifanye iwe sherehe ya mwisho. Siemens, pamoja na nyaraka zao zote, walipata habari nyingi pale walipotangaza msamaha kwa wafanyakazi wa kawaida mwishoni mwa 2007, na zaidi ya watu 100 wakajitokeza kusema. Data bila watu ni namba tu. Yule mhasibu angeonyeshwa ile meseji wiki ya kwanza, angecheka, angesema "saa nne ya asubuhi, bwana", na shauri lingeisha kabla chai haijapoa.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nataka kuamini bado. Lakini mgeni wa kuponya hubisha hodi, huketi, huuliza habari za nyumbani kwanza.

Huyo mama yuko kazini bado. Juzi aliniambia siku hizi anapoidhinisha malipo huwa anasubiri hadi alasiri, hata kama karatasi zote ziko tayari tangu asubuhi. "Kaka," alisema, "nimejifunza kuwa mzembe."

Mimi nimerekebisha zile safu. Nyinyi je, mmeangalia zenu? Nasubiri maoni hapo chini, hasa kutoka kwa mliowahi kuombwa CSV kufikia Ijumaa.